Mkate wa Jibini na Mashamba ya Plateau

Mkate wa jibini unaouzwa katika supamaketi za Eldoret, ule uliotiwa chizi ya kukuna ndani ya kinyunga au kunyunyiziwa juu hadi ikafanya ukoko wa kahawia, huonekana na wengi kuwa mgeni. Husemwa ni chakula cha mjini, cha watu waliotembea. Ukifikishwa nyumbani Plateau, kule kusini-mashariki mwa mji ambako reli itokayo Nakuru inateremkia Eldoret, huwekwa mezani kama kitu cha siku maalumu. Nadai kwamba mtazamo huo umepindua historia. Ngano na maziwa, vitu viwili vinavyoufanya mkate huo, vimezalishwa pamoja katika nyanda hizi kwa takriban miaka mia moja, na mikono iliyolima, iliyovuna na iliyokama ilikuwa ya watu wa hapa. Kilichochelewa kufika ni uwezo wa watu hao kuvila. Sheria, ushuru na bei ndivyo vilivyouweka mkate mbali na meza ya aliyeutolea jasho. Ulimi haukuwahi kuukataa.

Tuanze na maziwa, kwa kuwa ndiyo yenye mizizi mirefu zaidi. Uasin Gishu imejaa mabonde madogo ya mviringo yajulikanayo kama mashimo ya Sirikwa. Wanaakiolojia, miongoni mwao J. E. G. Sutton aliyechapisha utafiti wake juu ya nyanda za magharibi mwa Kenya mwaka 1973, wameeleza kuwa mashimo hayo yalikuwa mazizi yaliyochimbwa kwenye miteremko, nyumba za wenye ng'ombe zikiwa ubavuni, na kwamba maisha hayo yaliendelea takriban kati ya mwaka 1200 na 1700. Baada yao wakaja Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao eneo limebaki na jina lao, na vita vya karne ya 19 vikawatawanya. Wanandi na Wakeiyo wakalisha mifugo yao kwenye nyasi zilizobaki. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na kikosi cha afisa Mwingereza Meinertzhagen, na vita vya Waingereza dhidi ya Wanandi vilipokwisha, Wanandi wakasukumwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Kwa hiyo walowezi waliodai kuwa walikuta ardhi tupu walifika mahali palipokuwa pamekwisha kutolewa watu kwa bunduki, na palipokuwa na historia ya maziwa yenye karne zisizopungua saba.

Historia hiyo ilikuwa na ufundi wake. Kila mfugaji hukabiliwa na taabu ileile: msimu wa mvua ng'ombe wanatoa maziwa mengi kuliko yanayoweza kunywewa, kiangazi yanakauka, na maziwa mabichi hayangoji. Wakalenjin, wakiwemo Wanandi na Wakeiyo, waliitatua kwa mursik. Kibuyu, sotet, husafishwa na kupakwa ndani mkaa wa mti kama senetwet, kisha maziwa hutiwa na kufunikwa yakachacha kwa siku kadhaa. Mkaa hutoa harufu yake na kuyatuliza maziwa, na uchachu huzuia vijidudu viharibifu. Mtengeneza jibini hufuata kanuni hiyohiyo kwa njia ndefu zaidi: huyachachusha maziwa, huyagandisha, huyakamua maji, huyakandamiza na kuyaacha yakomae kwa majuma au miezi. Anayesema kwamba jibini ni ladha isiyoweza kueleweka na watu waliokulia kwenye mursik hajafikiri vya kutosha. Watu hao walikuwa wakinywa maziwa yaliyochacha kwa ustadi, yenye ukali na harufu ya moshi, muda mrefu kabla ya kipande cha kwanza cha cheddar kukatwa Eldoret. Kati ya wakazi wote wa Kenya, sioni ambao ulimi wao ulikuwa tayari zaidi kwa jibini.

Ngano ndiyo iliyoletwa. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg, zaidi ya watu 200, ulitoka Afrika Kusini kwa meli, ukashuka Mombasa, ukapanda treni hadi Nakuru, kisha ukakwea kwa magari ya kukokotwa na maksai kupitia misitu na matope hadi mto Sosiani. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, na miaka miwili baadaye mahali pakaitwa Eldoret, ingawa wenyeji waliendelea kupaita Sisibo. Kwa miaka kumi na zaidi kila gunia lililoingia au kutoka lilipita njia ya maksai kwenda stesheni ya Londiani, karibu kilomita 100, na wakati wa masika safari hiyo ingeweza kumeza majuma. Hapa ndipo uchumi wa mkate na jibini unapoanza kueleweka. Maziwa mabichi hayawezi kustahimili njia kama hiyo. Hata mahindi, yenye uzito mkubwa na thamani ndogo, yaliliwa na gharama ya usafiri kabla ya kufika sokoni. Jibini hubeba thamani ya maziwa mengi katika uzito mdogo: lita kumi hivi hutoa kilo moja. Baridi ya nyanda zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari huisaidia kukomaa bila kuoza. Bidhaa hii ilifaa mahali palipo mbali na bahari na palipo na nyasi, na ingalifaa hivyo hata kama asingekuja Kaburu hata mmoja.

Reli ilibadili hesabu hiyo. Njia kuu mpya ya kwenda Uganda ilipanda kutoka Nakuru, ikavuka kilele cha Timboroa, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, ikateremka kupitia Kipkabus, Kaptagat na Plateau, ikaingia Eldoret mwaka 1924. Stesheni ya Plateau ni mtoto wa mradi huo. Mashamba yaliyoizunguka yaliweza sasa kupakia ngano na malai yakafika mbali, na thamani ya ardhi ikapanda mara moja. Lakini reli peke yake isingetosha. Ngano na maziwa ya walowezi havikuweza kushindana na bidhaa za nje kwa bei ya wazi, kwa hiyo serikali ya koloni ikajenga ukuta. Baada ya kamati ya serikali iliyoongozwa na Bowring mwaka 1922, ushuru wa forodha wa 1923 ulikinga ngano na unga wake, siagi na jibini dhidi ya zile za nje. Mwaka 1925 walowezi wakaanzisha Kenya Cooperative Creameries, KCC, ambayo ikawa mnunuzi na muuzaji mkuu wa maziwa yao. Nakazia jambo hili kwa sababu mara nyingi mkate na jibini husimuliwa kama zawadi ya maarifa ya walowezi. Ushahidi unaonyesha kilimo kilichobebwa na hazina ya umma, ambayo sehemu kubwa ilitokana na kodi ya Waafrika, na kulindwa kwa bei ghali ambayo kila mnunuzi mjini aliilipa.

Je, waliokuwa kwenye mashamba hayo walikula nini? Swali hili ndilo kiini cha jambo zima. Mfanyakazi alipewa posho, yaani unga wa mahindi, kwa kawaida ratili mbili kwa siku, pamoja na mshahara mdogo wa mwezi na kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni. Wanandi wengi na Wakeiyo waliopanda kutoka bondeni waliingia mashambani kama maskwota, kwa kuwa huko ndiko nyasi zilikokuwa. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa na kufuga. Ile ya 1937 ilizipa halmashauri za wilaya za walowezi mamlaka ya kuongeza siku hizo hadi 270 na kupunguza idadi ya mifugo ya maskwota. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa magonjwa ya ng'ombe na uharibifu wa malisho. Sababu ya pili, ambayo walowezi wenyewe hawakuificha sana, ilikuwa kwamba mtu mwenye ng'ombe wa kutosha hana haja ya kumfanyia mwingine kazi kwa ujira mdogo. Matokeo yake yalikuwa mageuzi makubwa ya chakula. Mkamaji aliyeamka saa kumi usiku kukama ng'ombe wa bwana alikuwa akipoteza ng'ombe wake mwenyewe mwaka baada ya mwaka, na kibuyu chake cha mursik kikawa tupu huku kopo la malai likipakiwa kwenye treni. Mvunaji wa ngano alirudi jioni kusonga ugali wa mahindi. Mpishi wa jikoni ndiye pekee aliyeuonja mkate, na ndiye aliyejifunza kukanda, kuumua na kuoka kwenye jiko la chuma la kuni. Ufundi wa kuoka uliingia katika nyumba za Waafrika kupitia wapishi hao kwa kiasi kikubwa kuliko kupitia shule yoyote.

Hata ng'ombe mwenyewe aliwekewa mipaka ya rangi. Kwa miongo mingi ng'ombe wa gredi, Ayrshire na Friesian, walikuwa mali ya walowezi, na Mwafrika aliyetaka kuwafuga alikutana na vizuizi vya kila namna. Mlango ulifunguliwa kwa dhati baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ambao serikali iliuandaa katikati ya vita vya Mau Mau ikitumaini kwamba mkulima mwenye hati ya shamba na ng'ombe mzuri hataasi. Nia yake ilikuwa ya kisiasa, lakini ng'ombe walifika. Kwa hiyo mtu anayehesabu umri wa maziwa ya biashara mikononi mwa wakulima Waafrika wa Uasin Gishu asianze 1908. Aanze katikati ya miaka ya 1950, na kwa walio wengi aanze baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yaliponunuliwa na watu binafsi, vyama na kampuni za kununua ardhi. Ukihesabu hivyo, kuchelewa kwa jibini mezani hakushangazi.

Pingamizi la kwanza ni la ladha. Huambiwa kwamba watu wa hapa wangevitaka mkate na jibini wangevipata mapema, na kwamba kuchelewa kwao kunathibitisha kuwa havikuwafaa. Hoja hii inakufa mara tu tunapoangalia kilichotokea vizuizi vilipoondolewa. Chai ya maziwa na mkate vikawa chakula cha asubuhi katika shule za bweni, katika hospitali na katika nyumba za mishahara ndani ya kizazi kimoja tu baada ya uhuru. Mwaka 1979 mradi wa maziwa ya Nyayo ulipoanza, watoto wa shule za msingi nchi nzima walipokea pakiti za pembetatu zilizojazwa na KCC, na mahitaji ya maziwa yakapanda hadi uzalishaji ukahangaika kuyafikia. Katika kambi za wanariadha za Kaptagat, jirani kabisa na Plateau, mkate na chai hufuata mbio za alfajiri, na hakuna anayeona mgongano kati ya mkate huo na mursik unaonyweshwa mshindi akishuka uwanja wa ndege wa Eldoret. Na mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipopendekeza kutoza mkate wa kawaida ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16, pendekezo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyochochea hasira nchi nzima, na serikali ikaliondoa mwezi Juni kabla hata mswada wenyewe haujaachwa. Chakula cha kigeni hakitetewi na watu wa nchi nzima namna hiyo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: bei. Mkate wa kawaida umekuwa wa wote, lakini jibini imebaki ya wachache, na hili halina ubishi. Sababu yake imo katika ile hesabu ya lita kumi kwa kilo. Hata mtengenezaji mwenye huruma kuliko wote hawezi kuuza kilo ya jibini chini ya bei ya lita kumi za maziwa, na bado hajalipa chumvi, kuni, mishahara na miezi ya kungoja. Eldoret ina bahati kwa sababu kiwanda cha Doinyo Lessos kimejulikana kwa miaka mingi kwa kutengeneza chizi za aina nyingi na kuziuza mjini humo humo, hivyo mnunuzi hakulazimika kungoja shehena ya Nairobi. Hata hivyo, kununua donge zima la cheddar ni uamuzi mzito kwa nyumba yenye watoto watano. Hapo ndipo naona umuhimu wa mkate wa jibini wa dukani, na ndiyo sababu siukubali kuitwa anasa. Gramu 50 za jibini zikikunwa na kutawanywa katika mkate mmoja zinawakilisha nusu lita ya maziwa. Nusu lita hiyo ikigawanywa kwa vipande kumi, ladha inawafikia watu kumi kwa gharama ambayo kipande cha jibini peke yake kisingeweza. Mwokaji wa supamaketi amefanya kile ambacho KCC haikufanya kwa miongo mingi: ameikata jibini katika vipimo vinavyolingana na mfuko wa mnunuzi wa kawaida.

Mapishi ya nyumbani yanathibitisha kwamba si anasa, kwa sababu mkate huu hauhitaji jiko la kisasa. Slesi nene ikiwekwa kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo wa makaa au meko na kufunikwa kwa dakika chache, upande wa chini unakakamaa na jibini inalainika bila tone la mafuta. Ikichovywa katika yai lililopigwa na kitunguu na dania kisha ikakaangwa, inakuwa mlo kamili wa jioni. Ikiwekwa kando ya sukuma wiki iliyobaki, chumvi ya jibini inaipa mboga kile ambacho royco hutafutiwa. Mafuta ya jibini huuchelewesha mkate kukauka, jambo lenye maana katika nyanda za juu ambako upepo mkavu wa Januari hugeuza mkate wa kawaida kuwa mgumu siku ya pili. Hata ukikauka, vipande vyake vikitumbukizwa katika supu ya maharagwe hurudi kuwa laini na kuifanya supu iwe nzito. Hakuna hata moja kati ya njia hizi iliyohitaji kitabu cha mapishi. Zinafuata kanuni za jiko lililopo: kupasha, kuchovya, kutumbukiza.

Wapo wanaohofu kwamba kila slesi ya mkate wa jibini ni kibuyu kimoja cha mursik kinachosahauliwa, na kimyet, yaani ugali wa wimbi, unaoachwa. Hofu hii naiheshimu, maana ufundi wa mursik ni urithi halisi na ukipotea hautarudishwa na kiwanda. Lakini inamshika mshtakiwa asiye na hatia. Wimbi lilisukumwa na mahindi ya posho, muda mrefu kabla ya supamaketi. Mursik ulipungua pale mifugo ya maskwota ilipopunguzwa kwa sheria, na baadaye pale mashamba yalipogawanywa hata mwenye ekari mbili akabaki na ng'ombe mmoja au wawili ambao maziwa yao yote yanapelekwa kwa mnunuzi asubuhi ili karo ilipwe. Anayetaka mursik urudi mezani apiganie maziwa yabaki nyumbani. KCC ilipoyumba katika miaka ya 1990 na wakulima wakakosa malipo, wengi walirudi kuyagandisha maziwa yao na kuyauza sokoni kienyeji, na serikali ilipoifufua kampuni hiyo mwaka 2003 wakarudi kupeleka kopo barabarani. Hatima ya kibuyu imefuata bei ya maziwa wakati wote huo, na mkate haukuwa na sauti katika jambo hilo.

Limebaki pingamizi ambalo silimalizi kwa urahisi. Kenya huagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya ngano inayokula, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei ya mkate Eldoret ilipanda kwa sababu ya mashamba yaliyo kando ya Bahari Nyeusi. Basi ni kwa haki gani mkate huu uitwe wa Plateau? Nakubali kwamba si wote. Ngano inahitaji mashine kubwa na mashamba mapana, na kugawanywa kwa ardhi kumewafanya wengi wa Plateau wachague mahindi na ng'ombe, huku ngano ikibaki zaidi Moiben, Ziwa na mahali ambapo wakulima hukodi mashamba na mashine. Lakini tusidhani kwamba nyanda hizi zimeshindwa na ngano. Adui wake mkuu amekuwa kutu ya shina, iliyoiteketeza ngano ya mlowezi Delamere kule Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita na kusababisha kituo cha kuzalisha mbegu kuanzishwa huko. Aina mpya ya kutu hiyo, Ug99, iliyotambuliwa Uganda mwaka 1999, ilipovuka mpaka, watafiti wa Chuo Kikuu cha Eldoret walitoa katika muongo wa 2010 mbegu inayoihimili, wakaiita Eldo Ngano 1. Sheria ya sasa huwaruhusu wasagaji kuagiza ngano ya nje kwa ushuru wa asilimia 10 mradi wanunue kwanza ya hapa, na vinu vya Eldoret huchanganya zote mbili. Kwa hiyo ndani ya mkate mmoja wa jibini kuna ngano ya Moiben na ya Urusi au Argentina, na maziwa ambayo yaelekea kabisa yametoka kwa jirani. Mnunuzi hana njia ya kujua kiasi cha kila moja, kwa kuwa mfuko humwambia uzito, tarehe ya mwisho na majina ya viungo, lakini aghalabu haumwambii shamba. Kuandikwa kwa asili ya ngano na ya jibini kwenye mfuko huo ni jambo ambalo wakulima wa Uasin Gishu wana sababu nzuri ya kulidai kwa Bunge la kaunti na kwa waokaji wenyewe, na gharama yake ni wino.